Siku Niliyompanda Sahab

Fundi viatu mmoja wa Hamriya, hapa Maskati, ana kopo la mafuta ya ngozi ambalo hulifunika kwa kipande cha gazeti. Majuzi nilimpelekea viatu vya mume wangu kubadilishwa soli. Akalifunua lile kopo mbele yangu, na harufu ikanipanda puani nikiwa nimesimama na mkoba kwapani. Nilimwachia viatu bila hata kuuliza vitakuwa tayari lini, nikaenda kukaa ndani ya gari, nikalia. Nililia kwa hasira. Nalisema hilo mapema kwa sababu watu wakisikia mwanamke mtu mzima kalia kwa harufu ya kazi ya marehemu baba yake, hudhani ni mapenzi matupu. Mapenzi yalikuwapo, tena tele. Ila miaka yote hii nina hasira na baba yangu, na kufa kwake hakukuipunguza.

Ninyi mliokulia Al Khoudh pamoja nami mnakumbuka baba zetu walivyokuwa. Wengi walikuwa wizarani, wengine jeshini, wengine na maduka yao Ruwi. Mwalimu alipotuzungusha darasani kila mtu aseme kazi ya baba yake, mimi nilisema baba yangu hukaa juu ya farasi. Darasa zima lilicheka. Mwalimu akauliza kama ni askari, nikasema siyo. Anakimbia mashindano ya mbio? Siyo. "Sasa anafanya nini juu ya huyo farasi?" Nikafikiri, nikajibu kwa ukweli nilioujua: hafanyi kitu, anakaa tu.

Na ndivyo ilivyoonekana. Waarabu huuita mchezo ule tarwidhi, Wazungu wana jina lao, na bibi yangu, mama yake baba, aliuita ngoma ya farasi. Mpandaji huingia na farasi kwenye uwanja wa mchanga, na farasi hucheza. Anakwenda telki ya madaha, anatembea upande huku miguu ikipishana, anapiga shoti akibadilisha mguu kila hatua, anasimama mahali pamoja akinyanyua kwato kana kwamba mchanga unamuunguza. Hakuna anayemwona mpandaji akifanya chochote. Amri zote hupita kwenye makalio, kwenye mapaja, kwenye vidole vinavyofumba na kufumbua hatamu. Baba aliniambia kwamba amri ikionekana na mtazamaji imeshaharibika. Kwa hiyo kazi aliyoifanya maisha yake yote ilikuwa kuonekana hana kazi, na aliijua vizuri mno.

Aliondoka nyumbani mara tu baada ya kuswali alfajiri. Wakati wa joto ilibidi awe amewamaliza farasi wake wote kabla jua halijapanda, maana baada ya hapo hata mchanga wa uwanjani ulikuwa haukanyagiki. Mama alimwekea chai ya tangawizi na mkate wa ufuta, naye alikula nusu tu. Aliogopa kunenepa kuliko mwari anayengoja harusi. Adhuhuri alirudi, suruali yake nyeupe imegeuka rangi ya vumbi, ananuka jasho la mnyama na mafuta ya ngozi, anatembea amejikunja. Alilala kifudifudi kwenye zulia la sebuleni, na mama akamkanda mgongo kwa mafuta ya karafuu tuliyoletewa kutoka Unguja. Mikono ya mama ikiwa mgongoni, mdomo wake nao haukukaa bure.

"Baba Asya, mgongo huu utakuja kukuua."

"Utapona inshallah."

"Utapona kwa lipi, na kesho unarudi kule kule? Angekuwa farasi wako mwenyewe, ningesema haya."

"Akiiva nnaingia naye mashindanoni mie," baba alijibu, sauti imebanwa na zulia. "Kaniahidi."

Aliyeahidi alikuwa mwenye farasi, tuliyemwita Sheikh, ingawa usheikh wake ulitokana na mali zaidi kuliko ukoo. Alikuwa mmoja wetu. Alizaliwa Unguja kama Bibi, akaja Maskati kijana, akafanikiwa kwenye biashara ya saruji. Nimekuja kugundua ukubwani kwamba ahadi alizitoa kwa Kiswahili na amri alizitoa kwa Kiarabu. Ndiye aliyempeleka baba Ujerumani kujifunza, na ni huko baba alikomchagua Sahab, farasi mweusi, mchanga, mwembamba, asiyejua hata kusimama sawasawa. Sheikh akamnunua. Siku aliposhushwa kwenye lori, Sheikh alimshika baba bega akamwambia: "Salum, mfundishe huyu mpaka aive. Siku ya mashindano makubwa utaingia naye weye, jina lako liitwe, watu wasikie." Baba alituhadithia maneno haya mara nyingi kiasi kwamba niliweza kuyasema pamoja naye.

Jina liitwe, watu wasikie. Hicho ndicho alichokitaka baba yangu, na sidhani kama alitaka kingine zaidi. Aliwafundisha farasi wa watu mpaka wakajua, kisha wakauzwa, au wakapewa wageni zawadi, wakaingia viwanja vya Dubai na Doha na wapandaji wengine migongoni mwao. Hakuna hata mmoja aliyebaki naye kutoka mwanzo mpaka mwisho. Sahab ndiye angekuwa wa kwanza, na kwa umri wa baba na mgongo ule, ndiye angekuwa wa mwisho. Nyumba nzima ilijua. Tuliishi tukiingoja siku ile kama watu wengine wanavyongoja kuhamia nyumba mpya.

Mimi nilimwonea Sahab wivu kabla sijamwona. Bibi alikuwa na mazoea ya kumtania mama kwamba mke mwenza wake yuko mabandani, ndiyo maana mume harudi mapema. "Na mwenzio kawekewa kiyoyozi," alimwambia, "weye una feni." Mama alicheka, nami nikaamini kila neno. Baba aliponichukua mabandani mara ya kwanza, nilizunguka kote nikimtafuta huyo mwanamke: nyuma ya marobota ya majani, chumba cha matandiko, hata ndani ya lori. Nilipomkosa niliamua kwamba amesikia tunakuja, akakimbia. Kiyoyozi lakini kilikuwapo kweli. Mabanda yalikuwa baridi kama duka la dhahabu, wakati mimi na Bibi tulilala chumba kimoja chenye feni inayokwaruza. Halafu nikamwona baba amesimama juu ya kigoda akimsuka Sahab nywele za shingo. Vidole vilikwenda haraka, kila msuko sawa na mwenzake, akifunga kwa uzi mweusi. Kichwa changu hakuwahi kukigusa hata kwa kitana. Nilisimama pale nikamchukia yule farasi kwa moyo wangu wote.

Idi moja tulikwenda Quriyat kwa wajomba zangu bila baba, kwa sababu Sahab alikuwa na msokoto wa tumbo na baba hakutaka kumwacha. Wajomba waliuliza yuko wapi, na mama akajibu kwamba mtoto wake anaumwa. Walicheka, lakini mama hakuwa anatania. Mimi nilikaa kwenye kivuli cha mitende na nguo zangu za Idi nikiwaza ni mtoto gani huyo anayemtaka baba hata siku ya sikukuu.

Chuki yangu iliisha baba alipoanza kunifundisha kukaa. Hakunifundishia juu ya farasi, alinifundishia juu ya mkono wa kochi. Ilikuwa saa za mchana, baada ya chakula, kabla hajalala. Nilikaa pale miguu huku na huku, na Bibi akapiga kelele kutoka kwenye mkeka wake.

"Salum! Mtoto wa kike huyo, wampanua miguu namna hiyo, watu wakija je?"

"Hawaji saa hizi, mama."

Aliniambia nikalie mifupa, nisikalie nyama. Alinifunga macho kwa kilemba chake, akalitikisa kochi taratibu, akaniuliza ni mguu gani wa farasi uko hewani. Ukitaka asimame, alisema, usivute. Toa pumzi, uwe mzito. Ukitaka aende kushoto, tazama kushoto, mwili utamwambia wenyewe. Niliyajua yote haya kwenye kochi la kijani lenye madoa ya chai. Nilidhani ananiandaa niwe mpandaji. Leo nadhani alichoka tu kufanya kazi isiyoonekana na mtu, akataka nyumbani kwake awepo mmoja anayeijua.

Nilikuwa darasa la nne Sahab alipoiva. Ijumaa moja asubuhi, majira ya baridi, baba alinichukua mabandani. Sheikh naye alikuja, na pamoja naye mgeni kutoka Dubai, mnunuzi wa farasi, miwani myeusi usoni na tasbihi mkononi. Baba akapanda ili wamwone farasi. Nilikuwa nimeshamtazama baba mara nyingi, ila siku ile ilikuwa nyingine. Kwato za Sahab zilikuwa hazisikiki mchangani. Kilichosikika ni pumzi zake tu, na ngozi ya tandiko ikilia kidogo, na baba juu yake hakutikisika hata bega.

Mgeni alitazama mpaka mwisho. Halafu akasema kwa Kiarabu, polepole, kwamba farasi ni mzuri, tatizo lake ni farasi wa mtu mmoja. Muadh, mtoto wa Sheikh, alishawahi kujaribu kumpanda akatupwa chini mbele ya watu, na tangu hapo hakumsogelea tena. Habari hiyo ilikuwa imefika hadi Dubai. "Huyu akiugua," mgeni akasema, akimwelekezea baba tasbihi, "unabaki na farasi wa kutazama."

Ni hapa ninapomkasirikia baba. Angenyamaza. Angecheka, angekohoa, angesema alhamdulillah akaenda zake kumwogesha farasi. Kama Sahab hamkubali mtu mwingine, basi hakuna mtu mwingine angeingia naye uwanjani. Mgeni alikuwa amemtetea bila kujua. Lakini kwa watu wa kazi ile, maneno yale ni tusi. Farasi anayemkubali mtu mmoja tu hakufundishwa, amezoeshwa, na aliyemzoesha ni mbabaishaji. Baba alivumilia mgongo, alivumilia joto, alivumilia farasi wake kuchukuliwa mmoja baada ya mwingine, na tusi hilo moja likamshinda. Akashuka, uso umemkaza.

"Asya," aliita, "njoo hapa."

Akaninyanyua akaniweka juu. Vikuku vya kukanyagia havikunifikia, akavitupia mbele ya tandiko. Akanipa hatamu mkononi akasema, "Kama kwenye kochi." Kisha akatembea mpaka katikati ya uwanja akasimama, mikono mgongoni, akiwatazama wale watu wawili badala ya kunitazama mimi.

Kulikuwa juu sana. Tandiko lilikuwa bado na joto la baba. Nilikalia mifupa, nikatazama mbele, nikawaza kwenda, na Sahab akaenda. Nilitoa pumzi, akasimama. Nilitazama kushoto, na miguu yake ikaanza kupishana chini yangu, taratibu, bila haraka wala wasiwasi. Halafu nikafanya jambo ambalo hakuna aliyeniambia: nikabana magoti na wakati huohuo nikafumba vidole, kama nilivyomwona baba, na lile dubwana jeusi likaanza kucheza pale pale, juu chini, juu chini, nami juu yake na gauni langu la Ijumaa na soksi moja imeshuka. Nilicheka kwa sauti. Sijapata tena furaha ya namna ile, hata siku niliyoolewa, Mungu anisamehe.

Sheikh naye alicheka, mpaka akajifuta macho.

"Wallahi Salum," alisema kwa Kiswahili, "kumbe hata mtoto anamwendesha!"

"Hata mtoto, Sheikh," baba alijibu. Alikuwa anang'aa. "Si nilikwambia kaiva?"

Njiani alininunulia aiskrimu, asubuhi ile ya baridi. Mimi nilikuwa na hakika kwamba Sheikh atanipa Sahab, kwa sababu sikuona sababu nyingine ya mtu mzima kufurahi kiasi kile. Nilikuwa nimeshapanga atakaa wapi: kwenye kibanda cha gari, na gari litalala nje. Tulipofika, baba alimsimulia mama jikoni, akiigiza sauti ya mgeni, akiigiza hata soksi yangu. Mama alikuwa anakaanga samaki. Mwiko ukasimama hewani.

"Umempandisha mtoto mbele ya Sheikh?"

"Asingeanguka, mie nipo pale pale."

"Sikuulizi kuanguka." Samaki walianza kuungua na hakuwageuza. "Baba Asya, umefanya nini weye?"

Nilidhani anaogopa ningevunjika mguu. Nikamkumbatia kiunoni nikamwambia sikuyumba mama, wallahi sikuyumba hata kidogo. Alinitazama, akanipapasa kichwa kwa mkono wenye unga wa samaki, akarudi kwenye kikaango. Baba alikuwa bado anacheka peke yake.

Muadh alirudi kutoka masomoni Uingereza mwezi uleule. Sina la kumsingizia. Alikuwa kijana mpole, ananukia udi, na kila aliponikuta mabandani alinipa chokoleti. Baba akaanza kumfundisha mgongoni mwa Sahab kila siku, na sasa alirudi nyumbani alasiri badala ya adhuhuri. Nilijivuna shuleni kwamba baba yangu ni mwalimu. Mama aliendelea kumkanda mgongo, ila sasa alikanda kimya. Nilifurahi, nikidhani mgongo umepona.

"Na mashindano, Salum?" Bibi aliuliza siku moja.

"Yapo, mama. Yamekaribia."

"Utaingia?"

"Sahab anaingia," baba alijibu, akaomba apewe maji.

Nilipokuwa mtu mzima mama alinieleza waliyokuwa wakisemezana chumbani siku zile. Alimwambia aende kwa Sheikh amkumbushe ahadi yake. Baba akasema farasi ni wa Sheikh na mtoto ni wa Sheikh, na Sheikh ndiye aliyempeleka yeye kusoma Ujerumani, sasa amwambie nini? Mama akasema basi asimfundishe Muadh kila kitu, amfiche kimoja tu, Sahab amkatae uwanjani. Baba aliinuka kitandani kama aliyetukanwa mzazi. Akasema hawezi kumharibu farasi. Mama aliniambia hapo ndipo alipojua kwamba baba ameshakubali, na kwamba hatatuambia.

Na kweli hakutuambia. Alituambia tu tuje tutazame. Mama alivaa abaya yake mpya, mimi nikavaa gauni la Idi, tukaenda. Kulikuwa na mahema meupe, mazulia juu ya mchanga, vyungu vya maua, kahawa na tende, na watu wakubwa kwenye viti vya mbele. Mama aliona jamaa akasimama kuamkiana nao, na mimi nikachomoka.

Mashindano yale huwa na viwanja viwili. Kuna mkubwa wenye jukwaa na bendera, na kuna mdogo nyuma ya mahema, ambako farasi hupashwa viungo kabla hajaingia. Mimi sikuijua tofauti hiyo. Nilipita katikati ya kamba za mahema nikatokea nyuma, na baba yangu alikuwa pale, juu ya Sahab. Alikuwa na fulana ya kawaida badala ya koti, nikashangaa kidogo. Lakini alifanya yote: telki, upande, shoti ya kubadilisha mguu, na mwisho ile ngoma ya papo hapo, na Sahab alikuwa amesukwa vizuri, anang'aa mpaka anatisha. Nikajua ndiyo yenyewe hiyo, na kwamba nimewahi. Alipomaliza nilipiga makofi mpaka viganja vikaniwaka. Nilipiga peke yangu. Masaisi, wale watunza farasi, walioshika ndoo waligeuka kunitazama, na baba akageuka, akaniona. Aliinua mkono kidogo tu.

Mama alikuwa amenifuata. Nilimwambia, "Baba kamaliza! Kafanya vizuri kuliko wote!" Mama alikuwa anamtazama Muadh, anayekuja kutoka kwenye mahema na koti jeusi lenye mikia na kofia nyeusi ndefu. Baba akashuka. Akainama, akamshika Muadh goti, akamrusha juu ya tandiko. Kisha akatoa kitambaa mfuko wa nyuma wa suruali, akamfuta vumbi la buti ya kushoto, akazunguka kichwa cha farasi, akamfuta na ya kulia. Hiyo ni kazi ya saisi, na masaisi walikuwapo, wamesimama na vitambaa vyao. Aliifanya mwenyewe, kwa uangalifu, mpaka ngozi ikatoa mwanga. Mama alinishika mkono kwa nguvu hata nikalia, nikidhani nimekosa kwa kuja nyuma ya mahema.

Kipaza sauti kikaita. Jina la Muadh na la baba yake na la babu yake. Jina la Sahab. Jina la nchi alikozaliwa Sahab. Jina la mwenye farasi. Wakashukuriwa hata walioleta maji ya kunywa.

Tulisimama pembeni, karibu na uzio, baba hatua chache kutoka tulipokuwa. Ninakumbuka mapaja yake. Yalikuwa yanabana na kuachia ndani ya ile suruali nyeupe, na vidole vyake vinafumba na kufumbua hewani, na kila alipobana, Sahab kule uwanjani aligeuka. Muadh alikuwa amekaa tu. Kwa mara ya kwanza maishani nilimwona mtu ambaye kweli hafanyi kitu juu ya farasi, na mwanamke mmoja nyuma yetu akamwambia mwenzake, "Mtazame kijana alivyotulia, mashallah." Walishinda. Makofi yalikuwa mengi, na Sheikh akamkumbatia mwanawe akilia. Baba akaenda kumpokea farasi.

Kurudi Al Khoudh baba aliendesha gari akizungumza bila kupumua. Mmeona alivyobadilisha mguu? Mmeona aliposimama mbele ya waamuzi, miguu yote minne sawasawa? "Na yule juu kakaa kama gunia," alisema, akaupiga usukani kwa kiganja. "Gunia la saruji! Na bado kashinda! Ningempakia gunia, lingeshinda!"

"Salum," mama alisema. "Simamisha gari."

Ninyi mnajua mama zetu hawawaiti waume zao kwa majina. Alikuwa baba Asya siku zote, kwa mapenzi na kwa ugomvi. Siku nzima nilikuwa nangoja kulisikia jina la baba likiitwa, na nikalisikia hapo, kando ya barabara kuu, kwa sauti ambayo sikuijua. Baba akasimamisha. Mama akashuka, akatugeuzia mgongo, abaya inapigwa na upepo wa malori. Baba aliacha mikono kwenye usukani. Nyuma nilikuwa mimi, na kulikuwa na jambo ambalo bado halijaniingia akilini, nikaona niulize.

"Baba, kule nyuma ulipomaliza, walikupa namba ngapi?"

Alinitazama kwenye kioo.

"Kule nyuma hawatoi namba, mwanangu," alisema, na hapo nikaelewa yote kwa pamoja: samaki walioungua, chokoleti, kicheko cha Sheikh mpaka machozi. Nilitaka baba alie, au apige kitu. Akafungua dirisha akamwita mama arudi garini asije akapatwa na baridi.

Msimu uliofuata Sheikh alimuuza Sahab kwa yule yule mtu wa Dubai, ambaye sasa hakuwa na kasoro ya kumtoa, na Muadh akaingia kwenye biashara ya baba yake, hakupanda tena. Baba aliendelea kufundisha farasi wa kuuzwa mpaka mgongo ukamkatalia kabisa. Hakuingia uwanja mkubwa hata mara moja. Watoto wangu wameniomba mara nyingi niwapeleke wakapande farasi ufukweni, na nimekataa bila kuwaeleza sababu.

Muadh alikuja siku ya pili ya msiba wa baba. Ni mtu mzima sasa, mnene, ndevu zina mvi. Alisimama barazani kumpa mkono wa pole mama, aliyekuwa amekaa ndani ya mlango, nami kando yake. Alisema yote yanayosemwa. Kisha, na najua alikusudia sifa, maana machozi yalikuwa yanamlenga kweli, akasema:

"Mama, mzee alikuwa mtu wa peke yake. Miaka yote ile hakuwahi kutukatalia kitu."

"Nnajua, mwanangu," mama alimwambia. "Sie humu ndani tulikuwa tukiingoja siku atakayokataa."